Korongo

Ofisi iko kati ya kinyozi na duka la vipuri,
mjini Harlow, makao ya kaunti.
Mlangoni wamebandika karatasi:
Tafadhali futa matope.
Nikafuta. Matope yenyewe ndiyo yaliyonileta.

Maana shamba letu linahama.
Kila mvua ya Machi hufungasha udongo,
huuteremsha nyuma ya banda la trekta
kupitia korongo ambalo, mwaka aliofariki mama,
niliweza kuliruka na ndoo mkononi,
na leo ndama akitumbukia tunamtoa kwa kamba.
Kijito cha Buckner kinavuna ekari zangu
na hakilipi kodi.

Baba aliuvuka mlango huu mara mbili tu.
Mara ya kwanza, mwaka wa sabini na moja,
alivaa suti ya mazishi, akaketi tangu alfajiri.
Wazungu waliokuja nyuma yake wakaitwa kwa majina,
wakatoka na fedha za mbegu.
Yeye akaambiwa, zimekwisha, njoo Januari.
Januari akaambiwa, ungekuja Novemba.
Mpaka anaingia kaburini, ukimtajia mkopo wa serikali
alitema mate, kisha akamwomba mama radhi.
"Ozella," aliniambia, "mkono mtupu haulambwi.
Lakini ule si mtupu. Umefumbwa."

Basi nikakaa, mkoba mapajani kama ngao.

Aliyeniita ni binti, Kaylin Stroud,
viatu vyake vina matope kuliko vyangu;
hilo likanilegeza kidogo.
Akafungua kompyuta, akanionyesha shamba kutoka angani.
Sikuwahi kuliona hivyo: dogo, la kijani,
na katikati ule mfereji mwekundu
kama mshono wa upasuaji uliofumuka.
Nikaona haya, mtu aliyevuliwa nguo mbele ya daktari.

"Ardhi imeandikwa kwa jina la nani?"
La babu, Isom Tarver,
aliyeinunua kwa pamba ya misimu tisa
akafa bila wosia, kwani wosia
ulihitaji wakili, na wakili alihitaji shamba.
Sasa ni yetu sote, watu kumi na saba:
watatu hawasemezani, mmoja yuko jela,
na Lucius yuko Detroiti, hapokei simu
ila akidhani ameshinda bahati nasibu.

Nikangoja aseme njoo Januari.
Akasema, "Kuna njia."
Haikuwa fupi. Fomu ya kurasa kumi na nne,
barua za warithi, ramani, nambari ya shamba,
mapato ya miaka mitatu
(nilicheka, naye akacheka,
kisha akasema bado anayahitaji).
Nikatia saini mpaka jina langu
likaanza kuonekana la mtu mwingine.

Mkopo wa mbegu ungali huko juu, unajadiliwa;
riba yake nimeiandika nyuma ya bahasha, naiangalia usiku.
Lakini la korongo lilipita. Watalipa robo tatu
ya gharama za mawe na tingatinga, mradi nisilime tena
ekari mbili za ukingoni. Nipande nyasi, niziache.
Niziache! Zile alizolima baba kwa nyumbu,
alizosema udongo wake unaweza kuupaka mkate.
Kulipwa nisilime. Nilirudi nyumbani kwa pikapu
nikizungumza na marehemu, nikimweleza,
naye kimya, kama kawaida yake akishindwa hoja
au akikasirika. Sijajua bado ni lipi.

Septemba, nyasi zimefika magotini.
Mvua ya juzi ilishuka kwa pupa, ikashikwa, ikapoa,
ikaingia kijitoni mikono mitupu.
Na leo asubuhi, kabla sijanywa kahawa,
korongo amesimama ndani ya korongo:
wa kijivu, mrefu, mguu mmoja juu,
anakagua kazi kama aliyetumwa na ofisi.
Lucius bado hajapiga simu.