Mhuri wa Buluu

Ubao wa bei niliuandika kwa rangi ya mafuta,
maneno mawili tu: NYAMA KILO.
Namba naziandika kwa chaki.
Miaka kumi na tisa katika bucha hili la Majengo
maneno sijayagusa,
namba nimezifuta hadi ubao umefanya kovu.

Mama yangu, Mbeleje binti Chidawali wa Bahi,
alimtoa zizini yule dume wa kijivu
alfajiri ya Jumamosi, si kwa kupenda:
mtama ulikauka ungali magotini
na karo ya mjukuu haijui kiangazi.

Njiani hadi Msalato ng'ombe alikonda kwa jua,
akanenepa kwa karatasi.
Kibali cha kutoka. Kibali cha kuingia.
Ushuru wa mnada, risiti ya mashine,
hereni ya sikioni, namba yake ndefu kuliko ya simu yangu.
Kizota machinjioni, ada ya kamba, ada ya maji,
ada ya daktari aliyemkagua kwa jicho moja,
la pili likiwa kwenye kikombe cha chai.

Simcheki daktari.
Mwaka ule wa homa niliuza dagaa miezi mitatu,
na Ndahani wa bucha la pili hakuungoja mhuri.
Tulimzika Hombolo.
Tangu hapo ile buluu pajani mwa nyama
ndiyo maandishi pekee ya serikali
ninayoyasoma kwa kidole.

Redio ikasema, saa mbili usiku,
kwa sauti ya mtu aliyekwisha kula:
mpaka umefungwa, ng'ombe hai hatoki.
Mnadani pembe zikajaa kama miiba ya mkongowe,
wanunuzi wanne wakipita wakitikisa funguo.
Mama akapiga simu:
"Mwanangu, nimepewa bei ya mbuzi."
Nikafuta ubao. Nikaandika chini.
Foleni ikazunguka hadi kwa muuza mkaa,
na Nyemo, dada yangu, akabeba kilo mbili:
"Safari hii serikali imetukumbuka."

Mwaka wa pili redio ile ile ikafungua mpaka.
Wakaja wa kiwanda, wananunua kwa macho,
hawashiki hata nundu.
Mama akaezeka bati.
Nyemo akaja na elfu mbili, kaikunja mara nne:
"Nipe ya kunukisha mchuzi."
Nikampa mfupa, nikaongeza mafuta,
nikatazama mizani isiyokuwa na kitu.

Sikukuu ikatukutanisha, ugali na mlenda katikati.
"Mnataka nyama ya bure," mama akasema.
"Ninyi mna zizi," Nyemo akajibu, "sisi tuna robo."
Kisha wakanigeukia wote wawili:
"Na wewe mwenye kisu? Unakula wapi?"

Nikaleta daftari. Mama hasomi; Nyemo akasoma kwa sauti.
Pango. Umeme wa friji. Leseni. Faini ya leseni.
Akafika kurasa za madeni:
mwalimu wa Chang'ombe, kilo moja;
mama wa supu, makongoro mawili;
bwana wa wizara, yule wa idara ya mifugo,
kilo nne, tangu Machi.
Mama ndiye aliyecheka kwanza.

Leo asubuhi limeshushwa paja la kijivu.
Ngozi haipo, kichwa hakipo,
ila kijana wa Kizota kanipa hereni mkononi,
"Shika, wewe hupenda kuzikusanya."
Namba naijua. Niliilipia mimi.
Dume wa mama amepita mikono mitano
kunifikia mimi mwanawe,
na kila mkono umenawa kidogo katika bei yake.

Wateja wamejipanga. Nyemo ni wa tatu.
Chaki imebaki kama ukucha.
Naandika tarakimu ya kwanza, moja,
hiyo haina ubishi.
Nyingine nainua mkono, naushusha.
Nani ana redio?