Mwaka wa Nchi Kavu

Daktari wa masikio kule Kirkwall
alichora ngoma ya sikio langu
nyuma ya bahasha ya bili ya umeme,
kisha akaitoboa kwa ncha ya kalamu.
"Hapa," akasema. "Miezi kumi na miwili. Pumzika."
Na pumzi ndiyo niliyokuwa nikiililia.

Nikarudi Stromness kwa basi la saa tisa,
kichwa nimekilaza upande
kama mtu anayedukiza mlango wa jirani.

Jumanne hujaza mitungi.
Kompresa hunguruma nyuma ya ghala la Sigurd Rendall
nami nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa,
naitazama sindano ikipanda:
hamsini, mia, mia mbili.
Hewa ya asubuhi hii, yenye mwani na moshi wa mkate,
nawafungia wengine.
Mitungi ikipata joto naigusa mmoja mmoja
kama apimaye homa ya watoto.
Bess Linklater hachukui mtungi ambao sikuujaza mimi.
Hajasema kwa nini. Sijauliza.

Usiku, mezani jikoni,
naifungua regyuleta yangu isiyo na kazi,
naiosha kwa siki na maji vuguvugu,
naipaka mafuta mipira yake midogo, midogo kuliko pete ya mtoto.
Edwin hula upande wake wa meza,
hunyoosha mkono kwenye chumvi kwa uangalifu mkubwa.
Mara moja tu aliuliza:
"Unasafisha nini kilicho safi?"
Nikamjibu, hata kaburi hupaliliwa.
Halikuwa jibu zuri.
Tuliacha kula, wote wawili.

Mkanda wangu wa risasi unaning'inia nyuma ya mlango.
Risasi: neno moja, kazi mbili.
Kule chini manowari za Wajerumani zimelala ubavu,
mabaharia wao wenyewe ndio waliozizamisha.
Zao zilikuwa za kuua.
Zangu za kushukia tu, nikapige hodi.

Jumapili, nitacheka mwenyewe nikiwaambia,
najaza bafu.
Maji shingoni, pamba na vaselini sikioni,
regyuleta mdomoni.
Maji ya kifuu, bahari ya chungu.
Nne kuvuta, sita kutoa.
Nje ya mlango Edwin: "Merran, uko hai?"
Mlango unafunguka kidogo
nami naupitisha mkono uliolowa,
kidole na gumba vimeshikana duara:
salama.
Siku hizi naye hunijibu kwa duara lake,
sabuni ya vyombo ikimchuruzika.

Jumamosi mashua inaporudi
nawangoja gatini na chupa ya supu ya dengu.
Siulizi ilikuwaje. Swali hilo halina sakafu.
Nauliza: yule mkunga bado anakaa bomba la tatu?
Ile ngazi imeanguka, au imezidi kuinama?
Wanajibu huku wakitetemeka, nami nachora,
penseli, kifutio, penseli.
Ramani yangu sasa inajua mengi kuliko nilivyojua nikizama.

Leo alikuwepo kijana mgeni, Erlend,
mbizi yake ya kwanza hapa, midomo ya buluu.
Akajitenga na wenzake, hataki supu.
"Usinichore mimi," akasema. "Sikuona chochote. Kijani tu."
Kijani gani?
Akanitazama kama naye nimemdhihaki.
Kijani gani, Erlend?
Akafikiri. "Kama chupa ya dawa," akasema,
"ukiishika mbele ya dirisha. Halafu... kama ndani ya hiyo chupa.
Meno yaliniuma kwa baridi.
Kamba ikapotea juu, ikapotea chini,
nikasikia mtu anapumua karibu sana,
nikageuka,
kumbe mimi."

Penseli ilisimama. Ramani haina mahali pa hayo.
Nikatoa daftari langu la mbizi,
tangu Februari halijaguswa,
nikaandika tarehe, na chini yake:
Kina: sifuri.
Mwonekano: kijani.
Mwenzi wa mbizi: Erlend.

Akaomba supu. Ilikuwa imepoa.