Shubiri

Walikuja na chombo cha miguu mitatu
wakakisimamisha katikati ya uwanja,
pale tulipokuwa tukirushiwa shilingi.
Binti wa upimaji, Tumwesige,
akafumba jicho moja, akaandika,
akafuta, akaandika tena,
akaniona nimeegemea baiskeli yangu pembeni.
"Mzee, uwanja wenu umelala upande.
Kutoka hapa hadi goli la kusini
unashuka sentimita thelathini na tatu."

Nikanyoosha kiganja hewani, nikahesabu.
Shubiri moja na nusu.

Miaka arobaini na sita!
Ngamiani yote, barabara ya kwanza hadi ya mwisho,
na kwa vinyozi wa Makorora,
mimi ni Kaniki Aliyejifunga.
Mwanangu alilijua jina hilo kabla ya jedwali la mbili.
Na nilifanya nini?
Nilimrudishia kipa mpira, taratibu,
kwa ubavu wa mguu, kama unavyompa mtu mtoto mchanga.
Mpira ukateremka kama umeitwa.
Shebughe akainama, akakamata nyasi.
Kombe likapanda lori kwenda Korogwe,
na mimi nikarudi nyumbani kwa njia ya relini
nisionwe.

Sasa jukwaa la zamani wamelihurumia.
Hawakulivunja: wamelikwangua ukoga,
wamelitia chuma kwenye mifupa, bati jipya kichwani,
na lango la tiketi wameliacha na tundu lake lilelile
lililomeza sarafu za baba zetu.
Nyuma ya goli la kaskazini,
Bi Mwanatumu alipokuwa akikaanga mihogo,
wamejenga nyumba ya wazee:
vyumba ishirini na vinne, hakuna ngazi,
bafuni vishikio, milango mipana
ya kupitisha kiti cha magurudumu
au jeneza, anasema Mhina, na anacheka peke yake.

Tulipiga kura kwa vikaratasi ndani ya kofia.
Mimi chumba cha saba.
Cha nane, Shebughe.
Akikohoa nasikia.
Nikikohoa, ananyamaza.

Jumatatu greda litasawazisha uwanja.
Shahidi wangu mmoja tu duniani
atasagwa na kumwagiwa mbegu za nyasi.
Nikamwomba binti aniandikie.
Hakuuliza kwa nini. Akachana karatasi,
akaweka tarakimu, tarehe, sahihi,
na mhuri, maana niliomba na mhuri.
Nikaipenyeza chini ya mlango wa nane
nikakimbia, kama ninavyokimbia siku hizi,
yaani nikatembea.

Usiku karatasi imerudi.
Nyuma yake, kwa penseli, herufi zinatetemeka:

*Nilijua.
Kipa hulijua goli lake kama kitanda chake.
Nilijua tangu masika ya mwaka ule, maji yalikuwa yakituama miguuni pangu.
Chai ipo.*

Nimeisoma nimesimama, nimeisoma nimekaa.
Kumbe shubiri ni kipimo, na shubiri ni ile dawa chungu,
na kinywa ni kimoja.

Sijamjibu.
Nimetoka barazani, pale ukuta wetu unapokatika,
nikaupima unene wake kwa kiganja:
shubiri moja, haitimii.
Ndani anakohoa.
Taa yake inawaka.
Sijui kama bado anaruhusiwa sukari.