Wiki Sita, Sinza

Saa kumi na moja alfajiri, umeme umekatika,
feni imetulia na mapanga yake matatu,
shuka limenigandia mgongoni.
Viatu viko mlangoni, ndimi nje,
kama mbwa anayeijua ratiba kuliko mwenye nyumba.
Wiki ya pili leo sivivai.

Sikusukumwa na mtu.
Januari hii ya kukaanga watu niliamua mwenyewe
kwamba mwili ni punda, bila fimbo hauendi.
Jumatatu Bamaga hadi Mwenge na kurudi.
Jumanne kilima cha Chuo, mara sita.
Jumatano kilima tena, kwa kuwa Jumanne mara ya sita nilitembea.
Alhamisi siikumbuki.
Daftari langu lilikuwa na safu ya kilomita,
safu ya dakika, safu ya maji niliyokunywa.
Safu ya kulala sikuichora.

Muundi ukaanza kusema. Kwanza chini chini,
kama mgeni anayebisha hodi kwa kucha.
Nikaupaka dawa ya kuchua, nikaufunga kitambaa,
nikamwambia Tumsifu, "Ni misuli tu,"
naye, kwa vile alitaka mtu wa kukimbia naye, akakubali.
Siku ya tisa, pale kwenye taa za Mwenge,
mguu ukanikatalia waziwazi mbele ya bodaboda.
"Dada, twende?"
Nikaenda. Elfu mbili hadi nyumbani,
njia ile ile niliyokuwa nikiimaliza bure.

Eliwaza, yule wa mazoezi ya viungo, akaiinua picha kwenye mwanga.
"Ufa," akasema, "mwembamba kama unywele."
Nikangoja aniambie niuzibe kwa nini.
"Kwa wiki sita." Akaanza kuandika.

Basi nakaa barazani, mguu juu ya stuli,
na ng'ambo ya ukuta Kibwana na vijana wake
wamemwaga zege la ghorofa ya kwanza.
Usiku kucha mashine ilikohoa.
Nilidhani kukicha watapandisha matofali.
Hawakupandisha.
Asubuhi alikuja peke yake na mpira wa maji
akalinywesha. Jioni tena. Kesho yake tena.
Akalifunika magunia yaliyolowa
kama anayemkanda mtoto mwenye homa.
Mwenye jengo akaja, hata gari hakulizima:
"Mnangoja nini? Si limekauka hili?"
Kibwana hakufunga bomba.
"Limekauka, bosi. Halijakomaa."

Nikalifungua daftari, nikaichora ile safu.

Lakini nisijisifu. Jana alfajiri wakimbiaji
niliwasikia kabla hawajafika kwetu, soli zao juu ya lami,
pumzi zao zikigawana maneno, nikaung'ata mto.
Tumsifu kapata mwenzake mwingine,
kijana wa benki, mapafu kama kiwanda.
Mbio za Moshi zitapita bila namba yangu.
Nilishalipia. Fulana, wamesema, watanitumia.

Na juzi usiku niliiba.
Hatua kumi, peku, kutoka jikoni hadi mlangoni,
huku nimeshika ukuta, mwizi ndani ya nyumba yangu mwenyewe.
Ya saba ikauma.
Nilirudi kitandani nikaanza upya kuhesabu siku,
maana Eliwaza ataniuliza,
na uongo wangu huwa unaonekana masikioni.

Leo joto limekaa juu ya bati kama mtu.
Kibwana kaniona juu ya ukuta,
kapaza sauti, mpira mkononi:
"Jirani, mguu vipi?"
"Unamwagiliwa," nikamjibu.
Akacheka, akauelekeza mpira upande wangu mara moja tu;
maji yakanipiga magotini, yakapita hadi mlangoni.
Viatu vimelowa chapachapa.
Nimevianika kivulini, si juani.
Jua la mwezi huu linapasua gundi.