Safu ya Pili

Barua imesema: tutumieni daftari la kisukari,
mitaa, vipimo, maelezo ya daktari,
ila majina na simu msitutumie.

Watu elfu nne na mia sita wa Lamu
wamelala ndani ya faili moja, mstari chini ya mstari,
na baina ya neno na neno pana mkato.

Alama ile ndogo yenye mkia,
kama mbegu ya ndimu iliyoanza kuota,
tuliiita mkato kabla mashine haijapandishwa ngazi hizi.
Palipo na mkato, ndipo pa kukata.

Dirisha jeusi. Kishale kinapepesa.
Naandika amri ya herufi tatu,
naionyesha mpaka, naiambia:
safu ya pili iache, na ya nne,
zilizobaki zipitishe.
Uchochoroni punda anashushwa saruji;
hajapumzishwa mfuko wa tatu, kazi imekwisha.

Hakuna damu. Hakuna hata vumbi.
Famau Lali katoka, sukari yake imebaki Langoni.
Mwanaesha katoka.
Mguu wake uliokatwa upo,
aliyekatwa hayupo.

Nikapitia kwa macho, maana amri haina macho.
Mstari wa elfu mbili mia moja na kumi na saba:
*mama Kupi*,
kakaa palipopaswa kukaa mtaa,
na Gademi yake imekwenda na maji,
na nambari ya simu yake, nzima, tarakimu kumi,
inanitazama.

Ni Bwana Skanda, karani aliyenitangulia.
Alimwandika kama anavyoitwa mlangoni:
Khuleita Shee,
akavuta pumzi,
mama Kupi.
Pumzi ile mashine ikaihesabu ukuta,
vyumba vyote vikasogea kimoja.

Namjua. Kila Jumanne yuko benchi la mwisho,
mfuko wa dawa umefungwa fundo mbili.
Ukiita Khuleita, hageuki.
Ukiita mama Kupi, atakuuliza, "Waniita nusu?"
Hainuki mpaka yatimie yote.

Nikatoa nakala, nikaufuta mkato wake,
nikarudia amri.
Sasa yumo kama wenziwe: nambari, Gademi,
kumi na nne nukta mbili, macho yanafifia.
Nikatuma.

Faili la asili sikuligusa.
Kisu hiki hakikati nyama, hukata kivuli chake,
na mle ndani mkato ungalipo,
kosa la Bwana Skanda, kama ni kosa.

Jumanne nitasimama mlangoni,
nitaita,
nitavuta pumzi.