Daftari la Uji

Darasa la nne ndiko nilikoishia,
ila mkutanoni waliponitaja mtunza daftari
sikukataa. Ningekataa, ningetakiwa nieleze kwa nini.

Nikapiga mistari kwa ubavu wa mzinga mkavu:
Mzee Mihayo, mahindi, debe mbili.
Nyanzala wa bondeni, maharage, sado moja na nusu.
Kapela hana shamba; ataleta maji kwa baiskeli,
madumu manne, Jumatatu na Alhamisi.
Bibi Milembe akasema, andika kuni,
na lile sufuria la misiba, ila msilitoboe.

Mwalimu Tuzo hakuja na hotuba.
Alikuja na daftari lake, la mahudhurio,
akasoma majina polepole, bila kuuliza kitu:
Shija. Kulwa. Doto. Ngassa. Shija yule mwingine.
Kila baba aliyesikia la kwake
alitazama vidole vyake, vyeusi kwa utomvu wa tumbaku.

Nani Sikonge hii hajui walipo?
Mabanini, wakichochea moto hadi kuche,
maana jani likipoa kabla halijakauka
bei yake ni kicheko cha mnunuzi.
Ringi ya gari inapogongwa shuleni
mtoto ndiyo kwanza anafumba jicho.

Kimya.
Kisha baba Ngassa akakohoa:
"Moto haujui nani kauchochea.
Tushike zamu sisi, bani kwa bani,
hawa walale."

Sikuwa na safu ya kuandika usingizi.
Nikafungua ukurasa mpya: ZAMU ZA MOTO.

Sitasema yote yalinyooka.
Wiki ya pili mtu alisinzia, bani likaungua,
tukachangishana tena, kwa manung'uniko.
Kulwa alirudi; Doto bado.
Shija alikunywa uji akalala juu ya dawati
siku tatu, na Mwalimu akamwacha.

Siku ya nne alikuja jikoni na kikombe,
akainama juu ya daftari langu,
kidole kikashuka mstari kwa mstari,
midomo ikicheza.
"Mama, hapa chini umeandika ishirini.
Mimi napata kumi na tisa."

Nikahesabu. Nikarudia.
Mtoto yuko sawa.

Debe lililopungua lilikuwa langu:
nililiahidi kwa sauti, nikalijumlisha,
sikulileta.

Nikampa Shija penseli aandike jina langu,
na mbele yake, kwa mwandiko wake mkubwa:
BADO.