Viungo

Saruji ya fundi aliyetangulia tumeibandua.
Nyuma yake jiwe jekundu la Cromarty
limelowa, linamung'unyika kama sukari guru.
"Ukuta ulizibwa pua," Ishbel akasema,
akanisukumia ndoo.

Chokaa tuliyoizima Oktoba.
Mchanga wa pwani, umeoshwa chumvi mara tatu.
Kisha viungo
(kwetu neno ni moja,
vya mchuzini na vya kati ya mawe):
unga wa tofali, ukufi mmoja, ishike hata kwenye unyevu;
singa za farasi wa jirani, nimezichambua usiku;
shahamu ya kondoo, kijiko. Kimoja.

Cha pili nilikitia mwenyewe, Jumanne,
mvua ikinyemelea.
Kufika Ijumaa udongo ulikuwa bado laini,
unateleza kidoleni, unanuka sikukuu.
Ishbel hakugomba. Alikwangua
mpaka mwiko ukalia juu ya jiwe.
Nikachanganya upya, kijiko mfukoni mwake.

Leo siku ya ishirini na moja.
Nimebonyeza kwa ukucha: hakuna alama.
Nimerudishia magunia mabichi juu yake
na kusimama kidogo,
sikio ukutani,
kana kwamba kupumua kuna sauti.